Kisomaji kikilala kinakula chaji? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu usingizi na betri

Wengi wetu huviita vyote Kindle, hata kama nyuma kimeandikwa Kobo au PocketBook. Hapa nitasema kisomaji, nikimaanisha kile kifaa chenye kioo cha wino wa kielektroniki, kisichong'aa kama simu, kinachobeba mamia ya vitabu kwa uzito wa daftari. Simu na tableti sizigusi, kwa sababu tabia zao za chaji ni nyingine kabisa. Maswali yenyewe ni yale ninayoulizwa kila mara na ndugu, wanafunzi na wasomaji wenzangu, na nimejitahidi kuyaacha kwa maneno yao.

Nikibonyeza kitufe, picha inabaki kwenye kioo. Si inakula chaji usiku kucha?

Haili hata kidogo. Hili ndilo swali la kwanza la karibu kila anayeshika kisomaji baada ya kuzoea simu, na ana haki ya kuliuliza, maana kwenye simu kioo kinachoonyesha kitu ni kioo kinachokula chaji. Wino wa kielektroniki hauko hivyo. Ndani ya kioo kuna vifuko vidogo mno, upana wake unakaribia unene wa unywele, na ndani ya kila kifuko zinaelea chembe nyeupe na chembe nyeusi kwenye kimiminika kisicho na rangi. Umeme wa chembe nyeupe ni kinyume na wa chembe nyeusi. Ukigeuza ukurasa, umeme hupita kwa muda mfupi sana, chembe za rangi moja zinapanda juu, za rangi nyingine zinazama, kisha zote zinatulia. Umeme ukiondoka hazirudi zilikotoka. Herufi inakaa pale kama wino uliokauka kwenye karatasi.

Ukitaka kuamini, tazama kisomaji kilichoisha chaji kabisa. Bado kinaonyesha picha ya betri tupu, na kitaendelea kuionyesha miezi na miezi ndani ya droo.

Teknolojia hii ilitoka kwenye maabara ya chuo cha MIT huko Marekani. Kampuni ya E Ink ilianzishwa mwaka 1997, Sony wakauza kisomaji cha kwanza cha aina hiyo nchini Japani mwaka 2004, na Kindle ya kwanza ikafuata Novemba 2007.

Sasa kulala na kuzima vina tofauti gani?

Kikilala, taa inazimika na prosesa, yaani ubongo wa kifaa, inasimama, lakini kumbukumbu ya kazi inaendelea kupewa umeme kidogo sana ili isisahau uko ukurasa gani wa kitabu gani. Saa ya ndani nayo inaendelea kutembea. Ndiyo maana ukikiamsha unarudi palepale ulipoachia, kabla hujakaa vizuri kwenye kiti.

Kikizimwa, kumbukumbu hiyo inafutika. Ukikiwasha kinaanza upya kupakia programu zake zote (Kindle na Kobo zote huendeshwa na mfumo wa Linux), na muda wote huo prosesa inafanya kazi kwa nguvu zake zote.

Kobo inazimika kabisa ukishikilia kitufe. Kindle ina tabia yake: ukishikilia kitufe kwa sekunde kadhaa inakuletea machaguo, na lile linalofanana na kuzima linafuta picha tu na kuacha kioo kitupu. Ndani, mashine imelala kama kawaida. Kwa hiyo mwenye Kindle asipate taabu ya kutafuta namna ya kuizima kila usiku.

Nikizime kila nikimaliza kusoma?

Hapana. Kama unasoma kila siku au kila baada ya siku mbili tatu, kiache kilale. Kuzima kuna maana pale tu utakapokaa wiki nyingi bila kukigusa.

Kwenye boksi wameandika wiki 10, mimi napata siku 12. Nimeuziwa feki?

Hujauziwa feki. Soma yale maandishi madogo chini ya ahadi. Kindle Paperwhite ya mwaka 2021 iliahidiwa kukaa hadi wiki 10 kwa msomaji anayesoma nusu saa kwa siku, mtandao ukiwa umezimwa na taa ikiwa kwenye 13, katika kipimo kinachofika 24. Nusu saa kwa siku 70 ni saa 35. Wewe unayesoma saa tatu kila siku unazimaliza saa 35 siku ya 12, na ahadi imetimia yote. Kwa hesabu hiyohiyo, Paperwhite ya 2024 iliyoahidiwa wiki 12 ni saa 42, na Kindle ndogo ya 2022 yenye wiki 6 ni saa 21. Ukiona tangazo lolote la kisomaji, geuza wiki ziwe saa kabla hujalinganisha.

Hesabu hii ya nusu saa ina kisa chake. Mei 2011, Barnes & Noble, wauza vitabu wa Marekani, walitangaza kisomaji chao kipya cha Nook wakisema inakaa miezi miwili kwa kusoma nusu saa kwa siku. Amazon, waliokuwa wakisema Kindle yao inakaa mwezi mmoja, wakabadilisha maelezo yao na kuandika miezi miwili kwa kipimo hichohicho. Kifaa kilikuwa kilekile na betri ileile.

Ipo hesabu nyingine ninayoipenda zaidi, kwa sababu ndiyo inayojibu swali la kulala. Paperwhite ile ya 2021 ina betri ya kama miliampea-saa 1,700, yaani inaweza kutoa miliampea moja ya umeme kwa saa 1,700. Katika siku zile 70 inakuwa imelala saa 23 na nusu kila siku, yaani jumla ya saa 1,645. Usingizi wake ungekula hata miliampea moja tu, ungeimaliza karibu betri nzima kabla hujasoma ukurasa mmoja. Kwa hiyo ili ahadi iwezekane, kisomaji kilicholala lazima kitumie pungufu sana ya hapo.

Ndiyo maana nasema bila kusita: kisomaji kinachopoteza chaji nyingi usiku hakijalala. Kuna kitu kinakinyima usingizi, na kazi yako ni kukitafuta kitu hicho.

Nimekiacha usiku kikiwa asilimia 90, asubuhi nimekuta 61. Kitu gani kimekula?

Namba hizo ni zangu mwenyewe. Mwaka juzi nilihamisha vitabu zaidi ya 300 kwa mkupuo kutoka kwenye kompyuta, nikakilaza kisomaji na kwenda kulala. Asubuhi nilipokishika kilikuwa cha vuguvugu mgongoni, chini kidogo ya katikati. Kitu kilicholala hakiwi na joto. Usiku wote kilikuwa kinatengeneza faharasa, yaani kinapitia kila neno la kila kitabu ili siku nikitafuta neno lolote kilipate mara moja. Vitabu vitano havileti shida, lakini 300 ni kazi ya saa nyingi, na kisomaji hakipumziki mpaka kimalize.

Dawa yake ni kukichomeka kwenye umeme baada ya kupakia vitabu vingi na kukiacha hapo saa kadhaa, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Ikipita siku nzima na bado kinakula, huenda kuna faili bovu. Kisomaji kinalifikia, kinakwama, kinaanza tena. Kwenye Kindle kuna ujanja wa siku nyingi: andika kwenye sehemu ya kutafuta neno lisilokuwepo duniani, herufi zozote tu, na katika matoleo mengi itakuonyesha idadi ya vitabu ambavyo bado havijaingizwa kwenye faharasa. Ukikuta kimoja hakitoki hapo, kifute, ukipakie tena kutoka nakala nzima. Mimi siku hizi napakia vitabu 20 kwa mara moja, sizidishi.

Mkosaji wa pili ni Wi-Fi. Ikiachwa wazi, kisomaji kinaweza kuamka chenyewe kuangalia kama kuna kitabu ulichonunua, sasisho la programu, au tangazo jipya, kwa zile Kindle zinazouzwa bei nafuu zikiwa na matangazo kwenye kioo cha kulalia. Mtandao ukiwa mzuri kinaulizia, kinajibiwa, kinalala tena. Mtandao ukiwa wa kusuasua, au ruta iko chumba cha tatu, kinahangaika kuukamata. Washa hali ya ndege, ile alama ya ndege kwenye menyu ya juu, uizime tu siku unayotaka kushusha kitabu. Kama kuna jambo moja la kufanya leo kwa ajili ya betri yako, ni hilo.

Wa tatu ni programu iliyokwama. Kioo kinaonyesha picha ya kulala lakini ndani mashine inazunguka bure. Kianzishe upya. Kwenye Kindle shikilia kitufe kwa sekunde 40 kamili, usiachie njiani hata kioo kikibadilika.

Wa nne ni visomaji vinavyotumia Android, kwa mfano Boox. Hivi vinapakia programu kama simu, na kila programu inataka kuamka kwa wakati wake. Humo kulala kunakula zaidi, hakuna jinsi. Ingia kwenye mipangilio uzigandishe programu usizozihitaji, kisha weka kizime chenyewe baada ya muda kikiwa kimelala.

Nitajuaje kama changu kinalala kweli?

Kipime. Usiku, kikiwa kati ya asilimia 50 na 80, washa hali ya ndege, kianzishe upya, subiri kama dakika tano kitulie, kisha kilaze kwa kitufe. Chukua kipande cha karatasi, andika asilimia, siku na saa, ukibandike nyuma ya kava. Usikiguse kwa saa 48. Kisha kiamshe, usome namba, ukilaze tena.

Changu hupoteza asilimia moja kwa siku mbili, wakati mwingine hakipotezi kitu. Chako kikipoteza mbili au tatu, bado usihangaike. Kikipoteza 10 huku hali ya ndege imewashwa, rudi kwenye jibu lililotangulia. Ukirudia kipimo huku Wi-Fi ikiwa wazi, utaona kwa macho yako Wi-Fi ya nyumbani kwako inakula kiasi gani, na utaacha kubishana na watu kuhusu hilo.

Taa inakula kiasi gani?

Ukiwa unasoma, taa ndiyo mlaji mkubwa. Visomaji vya mwanzo havikuwa nayo. Vya Nook na Kindle Paperwhite vilianza kuileta mwaka 2012. Ni vitaa vidogo vya LED kwenye ukingo, na juu ya kioo kuna tabaka la plastiki linalosambaza mwanga ukurasa mzima. Mwanga unatoka mbele, unagonga ukurasa na kukurudia, kama taa ya mezani.

Kwa hiyo mchana huihitaji. Kaa barazani au chini ya mwembe saa saba mchana, shusha taa mpaka sifuri, na maandishi yatasomeka vizuri kuliko ndani ya nyumba. Kadiri jua linavyokuwa kali ndivyo wino unavyokoza. Hapo simu inakuwa kama kioo cha kujitazamia. Usiku chumbani, mwanga wa 6 au 8 kati ya 24 unatosha macho mengi yakishazoea giza. Ile rangi ya chungwa ya jioni inapendeza macho, ila haiongezi maisha ya betri.

Nikigeuza ukurasa uwe mweusi na herufi nyeupe, naokoa chaji?

Huokoi. Ujanja huo unafaa kwa simu zenye kioo cha OLED, ambako nukta nyeusi ni nukta iliyozimwa. Kwenye kisomaji, mweusi ni chembe tu zilizopanda juu badala ya nyingine, na taa inawaka ileile. Wengi huiongeza taa ili herufi nyeupe zionekane, wakaishia kula zaidi.

Kijilale chenyewe baada ya dakika ngapi?

Dakika tano hadi kumi zinatosha. Kobo inakuruhusu kuchagua muda wa kulala na pia muda wa kujizima baada ya kulala. Kindle kwa kawaida hulala baada ya dakika kama kumi. Usiogope ukikiacha mezani ukaenda kuchukua chai, kwa sababu ukurasa uliosimama hauli kitu. Kinachokula dakika hizo ni taa.

Kava la sumaku lina shida?

Kava zuri ni rafiki wa betri. Pembeni ya kisomaji kuna kihisi cha sumaku, na kava likifunga sumaku yake inakilaza, likifunguka kinaamka. Shida huanza kwa kava la bei rahisi ambalo sumaku yake imekaa vibaya au ni dhaifu. Kila mkoba unapotikisika kwenye daladala, kava linacheza, kisomaji kinaamka na taa yake inawaka gizani ndani ya mkoba. Jaribu hivi: funga kava, litingishe taratibu huku ukichungulia ukingoni. Ukiona mwanga unawaka na kuzimika, badilisha kava, au kilaze kwa kitufe na ufunge raba juu yake.

Na usikiweke juu ya laptopu iliyofunguliwa. Laptopu nyingi zina sumaku kwenye fremu, na kisomaji hakijui kutofautisha sumaku.

Nichaji mpaka 80 tu, nisishuke chini ya 20, kama wanavyosema kwenye simu?

Ukipenda, lakini usijinyime usingizi kwa hilo. Betri ya lithiamu kwa kawaida huanza kuonyesha kuchoka baada ya kujazwa na kumalizwa mara 300 hadi 500. Simu unaichaji kila siku, kwa hiyo 500 zinafika kabla ya mwaka wa pili kuisha. Kisomaji unakichaji, tuseme, kila baada ya wiki tatu. Mara 500 kwa wiki tatu ni wiki 1,500, zaidi ya miaka 28. Hakuna kisomaji kitakachokufa kwa kuchajiwa mara nyingi. Vinakufa kwa umri, kwa joto, na kwa kuachwa vikiwa vitupu.

Nilikiacha kwenye droo miezi minane, sasa hakiwaki. Kimekufa?

Subiri kwanza. Hili nina uchungu nalo, kwa sababu nimeshuhudia visomaji vizima vikitupwa.

Nilipokwenda masomoni niliacha changu kwenye droo kikiwa na asilimia kama 15. Niliporudi baada ya miezi minane kilikuwa na ile picha ya betri tupu. Nikakichomeka, kitaa cha chaji hakikuwaka. Nikabonyeza kitufe, kimya. Fundi wa simu akaniambia betri imekufa, nitafute nyingine.

Kilichotokea ni hiki. Kisomaji kikikuambia sifuri, ndani bado kuna akiba ndogo, na akiba hiyo inaendelea kulamba-lambwa na saa ya ndani na betri yenyewe kujimaliza. Volti zikishuka sana, saketi ya ulinzi inakata njia kabisa ili betri isiharibike. Ukikichomeka wakati huo, umeme unaingizwa kwa tone, kwa sababu betri ya lithiamu iliyoshuka mno ni hatari kuijaza kwa kasi. Kwa muda mrefu hakuna taa, hakuna picha, na mtu anaamini ameshafiwa.

Nilichofanya: nilitafuta kichwa cha chaji cha simu ya kitochi, kile cha volti 5 chenye umeme mdogo, na waya mzima ninaouamini. Nikakichomeka saa mbili asubuhi na kujikataza kukigusa. Saa tano hivi kitaa cha chungwa kikawaka. Nikakiacha mpaka jioni ndipo nikabonyeza kitufe, na ukurasa niliouacha miezi minane nyuma ukaanza kujichora upya.

Kosa la wengi ni kuchomeka dakika kumi, kubonyeza kitufe, kuchomoa, kujaribu waya mwingine, kubonyeza tena. Kila ukibonyeza, kisomaji kinajaribu kuwaka na kuteketeza kile kidogo kilichoingia. Kipe saa nne hadi usiku mzima kabla ya kukata tamaa. Lakini sitakudanganya: changu kilifufuka, ila hakikai na chaji kama zamani. Kilishuka kutoka wiki tatu zangu za kawaida hadi mbili, na hapo ndipo kilipobaki.

Asilimia inaruka: ilikuwa 35, nikageuza kurasa mbili ikawa 8.

Kipimo kimepoteza hesabu, na mara nyingi betri yenyewe imeanza kuzeeka. Kitumie mpaka kijizime, kichaji mpaka kijae bila kukikatiza, ukiache kwenye umeme saa moja zaidi. Fanya hivyo mara moja, usiigeuze desturi. Ikiendelea kuruka, betri imechoka.

Naweza kutumia chaja ya simu yenye kasi? Na pawabenki? Na sola?

Chaja ya kasi haikiunguzi, maana kisomaji kinachukua kile tu kinachokihitaji. Baadhi ya visomaji vyenye tundu la USB-C havipokei chaji kwa waya mpya wenye kichwa cha USB-C pande zote mbili. Kabla hujalia, jaribu waya wa kawaida wenye kichwa kipana upande mmoja.

Pawabenki inafaa sana. Moja ya kawaida ya miliampea-saa 10,000 inakijaza kisomaji mara kadhaa. Kitu kimoja tu: pawabenki nyingi hujizima zikiona umeme unaovutwa ni mdogo, na kisomaji kinapokaribia kujaa kinavuta kidogo mno. Kwa hiyo ikikatika kwenye 93 au 95, hakuna kilichoharibika. Nyingine zina hali ya umeme mdogo kwa ajili ya saa na spika za masikioni. Kwa baadhi yake, ukibonyeza kitufe mara mbili inawaka.

Sola ndogo usiichomeke moja kwa moja kwenye kisomaji kama unaweza kuepuka. Kila wingu likipita umeme unakatika na kurudi, na kila ukirudi kisomaji kinaamka. Mchana chaji pawabenki, usiku pawabenki ichaji kisomaji. Nyumba zenye taa za sola zenye tundu la USB zimeshamaliza tatizo hili; kisomaji kinahitaji umeme kidogo kuliko simu ya watoto.

Joto la kwetu linaathiri?

Linaathiri kuliko kitu kingine chochote katika ukurasa huu. Kindle imepimiwa kutumika kati ya nyuzi 0 na 35. Pwani mwezi wa pili tunagusa kikomo hicho tukiwa kivulini. Kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, joto linapita nyuzi 50 bila taabu, na betri iliyojaa huzeeka hapo haraka kuliko iliyo nusu. Usikichaji kikiwa kimefunikwa na mto, wala usikiweke juu ya kabati chini ya bati.

Betri imevimba, kioo kimeanza kuinuka.

Acha kukichaji sasa hivi. Usikibonyeze kirudi, usikitoboe, usikilaze kitandani nawe. Kiweke mahali pasipo na kitu cha kushika moto, kisha mpelekee fundi anayejua betri za lithiamu. Visomaji vingi vimefungwa kwa gundi, hivyo usiruhusu mtu aingize bisibisi kama anayefungua kopo. Kama unanunua kipya na unajali jambo hili, Kobo zilizotoka mwaka 2024, Clara na Libra za toleo hilo, zimetengenezwa ziweze kufunguliwa na kubadilishwa betri, kwa vipuri na maelekezo ya iFixit, kampuni ya mambo ya ukarabati.

Vitabu vya kusikiliza je?

Vinakula sana. Bluetooth inawaka na prosesa hailali muda wote unaosikiliza. Sikiliza kwenye simu, soma kwenye kisomaji.

Nimenunua Kindle ya mtumba yenye 3G, haimalizi siku tatu.

Ile redio ya zamani huenda inatafuta mtandao usioupata. Hali ya ndege itaiponya siku hiyohiyo. Isipopona, betri ni ya umri wa kifaa, na za Kindle za zamani zenye vitufe ni rahisi kiasi kubadilisha.

Shuleni kwetu tuna visomaji 30 vya msaada. Likizo ndefu tuvifanyeje?

Shule nyingi zimepokea visomaji kwa njia hii. Shirika la Worldreader, kwa mfano, walianza Ghana mwaka 2010 kisha wakafika Kenya. Vikifunguliwa boksi huwa vinapendwa, halafu likizo inaviua.

Wiki ya mwisho ya muhula, vikusanyeni mapema, siyo siku ya kufunga shule. Vichajini vyote vifike karibu nusu, kati ya asilimia 40 na 60. Visijae. Washeni hali ya ndege kimoja baada ya kingine, mkihakikisha kwa macho kwamba alama ya ndege imetokea. Vinavyozimika kabisa vizimeni, vingine vilazeni. Kila kimoja kipeni namba kwa plasta nyuma, na kwenye daftari andikeni namba, asilimia na tarehe. Vipangeni kwenye sanduku la mbao au ndoo yenye mfuniko, visibanane vioo kwa vioo, ndani ya chumba chenye dari, sakafuni upande usiopigwa na jua la mchana. Stoo ya bati haifai hata ikiwa na kufuli zuri.

Kisha mchagueni mwalimu mmoja anayekaa karibu na shule, mpeni ufunguo na daftari. Likizo ikizidi miezi miwili, afungue sanduku mara moja katikati, asome namba, na kilichoshuka chini ya 20 akirudishe nusu.